Sifuri ya Mbele

Jina la Mhubiri hakulipata kwenye nyumba ya ibada. Alipewa na fundi friji wa mtaani, aliyekuja dukani siku moja kuchukua filamu za vita na akajikuta anasimuliwa habari za bibi mmoja anayetengeneza miavuli. Fundi alisikiliza kwa adabu, flashi yake ikiwa imeshajazwa filamu zamani. Alipofika mlangoni akageuka.

"Binti," akasema, "wewe huuzi filamu. Wewe unahubiri."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na jina likanata kama gundi kwenye kidole. Mhubiri mwenyewe hakuchukia. Aliona kwamba mhubiri angalau anaamini anachokisema.

Duka lilikuwa la shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: meza ndefu, kompyuta mbili, feni iliyogeuza shingo kwa kulalamika, na diski kubwa nyeusi iliyolazwa juu ya kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga. Watu walileta flashi zao, wakataja wanachotaka, wakawekewa, wakaenda kuzichomeka kwenye televisheni zao nyumbani. Walichotaka kilijulikana. Akina mama na nusu ya akina baba walitaka tamthilia, ingawa akina baba walisema ni za wake zao. Wengine walitaka mieleka. Vijana walitaka anime za kupigana, zile katuni za Kijapani za mapanga na nywele zinazosimama kwa hasira.

Lakini ndani ya diski ile Mhubiri alikuwa na folda yake, aliyoiita Kabati. Humo alihifadhi anime ambazo hakuna aliyeziomba. Msambazaji wa filamu alizileta zikiwa zimechanganyika na nyingine, kama mbegu ngeni kwenye gunia, majina yake yameandikwa kwa herufi za kwao ambazo mtaani hakuna aliyeweza kuzisoma. Wateja walipopungua, Mhubiri alizifungua moja moja kwenye kompyuta ya dukani, akasoma maandishi ya chini, akatazama. Zilizomgusa alizipa majina ya Kiswahili. Alikaa na kila faili, akafuta herufi zile za ajabu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe jina na namba, kwa uangalifu wa mzazi anayeandikisha watoto: Fundi wa Miavuli, Sehemu ya 1. Fundi wa Miavuli, Sehemu ya 2. Hivyo hivyo mpaka ya 12, kisha akaingia kwenye nyingine.

Tatu alizipenda kuliko zote. Kulikuwa na Waonja Maji, habari za kijana ambaye ukimpa maji kwenye kikombe anakwambia yametoka kisima kipi na nani aliyateka. Kulikuwa na Kituo cha Mwisho, cha mkuu wa stesheni iliyo mwisho kabisa wa reli, ambako abiria wanaofika ni wale tu waliopitiwa na usingizi. Anawachemshia chai, nao wanamweleza walikokuwa wakienda. Na juu ya zote kulikuwa na Fundi wa Miavuli. Mji ambao mvua haichoki, bibi mwenye kibanda cha kutengeneza miavuli, na mjukuu aliyeletwa kuishi naye bila kuulizwa anataka au hataki. Bibi anamfundisha kumjua mtu kwa mpini wa mwavuli wake: huyu ana hasira, ona alivyoukamata, huyu hutembea na mtu mfupi, ona ulivyolika upande mmoja.

Mhubiri aliamini kwamba mtu yeyote akikaa na bibi yule atatoka akiwa mpole kidogo kuliko alivyoingia. Kwa hiyo aliweka utaratibu. Kila aliyechukua filamu alipewa nyongeza moja kutoka Kabatini, bila malipo, pamoja na maneno machache ya kuisifia. Maneno hayo hayakuwa machache.

Tatizo halikuwa kukataa. Watu walipokea, maana cha bure hakina kasoro. Tatizo ni kwamba hakuna aliyerudi kuomba nyingine. Mwanzoni alidhani ni lile neno katuni. Watu wazima waliona picha iliyochorwa wakasema katuni, na katuni ni za watoto, mjadala umefungwa. Fundi friji ndiye aliyeinama siku moja kwenye kioo cha kompyuta akasoma ANIME juu ya folda kubwa iliyobeba Kabati, akauliza, "Anime nini? Mbona sentensi haijaisha?" Lakini hata wale waliojaribu kwa moyo safi walirudi na jibu moja lenye nguo tofauti. Haieleweki. Haina kichwa wala miguu. Inarukaruka.

Alhamisi asubuhi shangazi alisukuma miwani yake juu ya paji la uso, ishara kwamba anachotaka kusema hakihitaji kusomwa popote.

"Diski imejaa," akasema. "Keshokutwa msambazaji analeta tamthilia mpya, ndefu kama foleni ya hospitali. Kuna kitu lazima kipishe."

Mhubiri akajua ni kitu gani kabla hakijatajwa. Akaanza kujitetea. Akasema neno lenyewe kupendekeza lina kupenda ndani yake, kwamba anayependekeza anapenda kwa niaba ya mwenzake mpaka mwenzake atakapoweza kupenda mwenyewe, na kwamba jambo hilo linahitaji muda. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa haki, na haki yake ilianza kwa kukuacha umalize.

"Kabati lako ni zuri, mwanangu. Lakini ni kama kabati la vyombo vya wageni kwenye nyumba isiyotembelewa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vyako vimetembezwa mpaka soli zimekwisha."

"Hujawahi kuzitazama, shangazi."

Hilo lilikuwa kweli. Nyumbani kwao kulikuwa na televisheni ya kichogo, nzito kama jiwe la kusagia, isiyo na tundu la flashi wala haja nalo. Ilionyesha taarifa ya habari na mvua ya chengachenga, na shangazi aliridhika na vyote viwili. Dukani aliuza filamu kama muuza viatu anayetembea pekupeku.

"Sijazitazama," akakubali. "Ndiyo maana sihukumu mimi, wahukumu wateja. Nipe mtu mmoja. Mmoja tu, aliyemaliza moja ya zako, akarudi kwa miguu yake kuomba nyingine. Asiwe rafiki yako, na usimtume. Akipatikana kabla msambazaji hajachomeka waya wake, Kabati linabaki. Asipopatikana, tusilaumiane."

Mhubiri akakubali, maana hakuwa na lingine la kukubali.

Siku ile na asubuhi ya pili alikuwa kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko aliyokwisha kuipekua. Hakuruhusiwa kumtuma mtu, lakini kuuliza hakukukatazwa, basi akawauliza waliowahi kuchukua. Nesi wa zahanati ya jirani, aliyepita kununua vocha akiwa bado na sare, alimjibu kwa upole uliouma kuliko tusi.

"Mdogo wangu, nilimpenda yule bibi. Lakini akafa hata sijamzoea. Vifo vya haraka ninavyo kazini."

Mhubiri akamwambia angekaza moyo, maana kuna mengi mazuri. Nesi akasema alijaribu, akamwona bibi yuko hai tena, akadhani amesinzia katikati, akazima. Mwalimu wa chekechea alisema stesheni ile ya treni ilifungwa na kufuli, halafu akaiona iko wazi na chai inachemka, na yeye akitoka kwa watoto hana nguvu ya mafumbo. Fundi friji ndiye hakuficha.

"Kijana wako wa maji anashinda kabla hajashindana," akasema. "Leo anapewa zawadi, kesho anauliza kisima ni nini. Hata friji lina mpangilio, Mhubiri. Huwezi kuganda kabla hujapoa."

Alirudi kwenye kiti chake akiwa na uchungu, na uchungu ule ulimfanya afikiri vibaya. Alijiambia kwamba mtaa huu unapenda kelele. Watu hawana subira, wanataka kila kitu kitafunwe ndipo wapewe. Alifikiri hivyo kuhusu nesi aliyesimama kwa miguu yake tangu alfajiri, na kuhusu mwalimu aliyefuta kamasi za watoto wa wenzake siku nzima. Fikra ile haikumkaa vizuri, lakini aliivaa tu.

Ijumaa mchana duka lilipopoa, akaomba ruhusa akanyoe. Nywele zake alizikata fupi siku zote, kwa kinyozi wa mlango wa tatu, mzee mrefu mwenye mikono inayonukia spiriti na mdomo uliofunguka kwa nadra. Saluni yake ilikuwa na kiti cha kuzunguka kilichoshonwa upya mara nyingi, kioo chenye ufa pembeni, na televisheni bapa ukutani iliyonunuliwa kwa ajili ya mpira. Siku zisizo na mechi ilikuwa imezimwa, na wateja walitazama nyuso zao wenyewe.

Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akaanza upande wa kushoto. Alikuwa ameshafika juu ya sikio aliposema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya jana:

"Ile yako ya miavuli bado ninayo."

Mhubiri aligeuka ghafla. Mashine ikachora njia ambayo haikupangwa.

"Tulia. Nitakukata sikio, kisha nani atasikiliza."

Akatulia. Akakumbuka kwamba miezi mingi nyuma mzee huyu alikuja kuchukua mechi za fainali, naye akampa nyongeza kama anavyowapa wote, akamsahau. Nani angemfuata mzee wa mpira kumuuliza habari za katuni? Akamuuliza sasa kama aliitazama. Kinyozi akajibu kwamba aliitazama yote. Akaimaliza, akairudia, na asubuhi nyingine akifungua saluni huwasha sehemu moja huku akisafisha vifaa.

"Sehemu ipi uliipenda zaidi, mzee?"

Akafikiri huku akipuliza nywele kutoka kwenye mashine. "Pale mwanzo. Bibi anapokufa."

"Bibi hafi mwanzo."

"Anakufa mwanzo."

"Mzee, bibi anakufa karibu na mwisho. Mimi nimeitazama mara ngapi sijui."

"Na mimi nimeitazama mara ngapi sijui," kinyozi akasema bila kubishana. Akazima mashine, akachukua rimoti juu ya chupa za poda. Flashi ilikuwa bado imechomekwa nyuma ya televisheni, imeshika vumbi.

Sehemu ya kwanza waliipitisha haraka: mvua, kibanda, msichana analetwa na begi lake, bibi anampokea begi kabla hajampokea yeye. Ikaisha. Televisheni ikasubiri kidogo, kisha ikaendelea yenyewe kama zinavyofanya. Kwenye kioo akatokea bibi amelala, mjukuu ameshika mkono wake, na nje, kwa mara ya kwanza katika hadithi nzima, mvua imekatika.

Mhubiri aliijua picha ile. Ilikuwa ya sehemu ya kumi.

Akaomba rimoti. Akarudi kwenye orodha na kuisoma polepole huku nywele zikimdondokea mapajani. Sehemu ya 1. Sehemu ya 10. Sehemu ya 11. Sehemu ya 12. Sehemu ya 2. Sehemu ya 3. Na kuendelea mpaka 9, iliyokaa mkiani kabisa.

Kompyuta ya dukani ilijua kuhesabu. Ikiona mbili na kumi, inatanguliza mbili, na yeye siku zote alizitazama huko. Televisheni haikuhesabu. Ilisoma namba kama mtu anavyopanga maneno ya kamusi, alama kwa alama: ilianza na kila kilichotangulizwa na moja, ndipo ikashuka kwenye mbili. Anime za kupigana zilitoka kwa msambazaji zikiwa na namba zake, 01, 02, 03, sifuri imesimama mbele kama mlinzi wa mlango, na hizo hazikuwahi kumpotosha mtu. Zilizovurugika ni zile tu alizoziandika yeye kwa mkono wake, kwa upendo wake, faili moja moja. Shuleni aliambiwa sifuri mbele ya namba haina thamani, uiweke usiiweke ni sawa. Akaiacha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Akamwona nesi anazima televisheni akidhani amesinzia. Akamsikia fundi friji: anashinda kabla hajashindana. Watu walikuwa wamemwambia kweli tupu, mmoja baada ya mwingine, naye akawasikia kama wavivu.

"Mzee," akasema, "nilikupa vibaya. Imepangwa ovyo. Bibi anakufa sehemu ya kumi. Wewe umeona kifo kwanza, ukaona na mwisho wenyewe, ndipo ukarudishwa nyuma."

Kinyozi alitazama televisheni kwa muda, kama anayemtazama mtu wa zamani aliyeambiwa leo kwamba jina lake si lile.

"Mimi nilidhani ndivyo alivyotunga," akasema. "Nikasema huyu anajua."

"Anajua nini?"

Kinyozi akaipangusa mashine. Alisema alilelewa na dada yake, si mama. Dada huyo alikuwa mkali, na alipokuwa hai yeye alimwona mkali tu. Akafa. Ndipo akaanza kumwona: anavyozipunguza nguo zake mwenyewe ampe yeye, anavyomnyoa kwa wembe na kumwambia atulie.

"Kwa hiyo bibi alipokufa mwanzo, kisha akarudi yuko hai, anagomba, anafundisha, mimi sikushangaa. Mtu akifa ndipo anaanza kuonekana vizuri. Na ile inaishia wamekaa mlangoni, yeye na mjukuu wake, mvua inanyesha, hakuna anayesema. Nikasema, sawa. Hapo ndipo pa kumwacha."

Hiyo ilikuwa sehemu ya tisa, siku ya mwisho kabla bibi hajaugua. Mhubiri akairudisha rimoti juu ya chupa za poda. Kwa muda wote ule alikuwa akimtafuta mtu mmoja wa kukaa na bibi, na mtu huyo alikuwa mlango wa tatu, ameshakaa naye mwaka mzima.

Akainuka, akasema lazima aende akaangalie faili. Kinyozi akamwambia kichwa hakijaisha. Akasema atarudi, akachukua kitambaa kwenye ndoano na kukifunga kuficha upande wa kulia.

Mlangoni alisimama. Neno lilikuwa mdomoni: mzee, kesho asubuhi njoo dukani uombe nyingine. Ni neno dogo, na mzee asingekataa. Lakini shangazi alisema usimtume, na Mhubiri aliona kwamba akimtuma atakuwa amemgeuza bibi wa miavuli kuwa hila. Akalimeza. Akasema asante tu, akatoka.

Shangazi alimtazama kwanza kitambaa, halafu uso, akauliza nani amefariki. Mhubiri akamweleza yote, tangu moja na kumi mpaka nesi na usingizi wake. Hakujipunguzia. Shangazi alianza kucheka taratibu, kicheko kikapanda mabega, mwishoni akavua miwani akajifuta macho.

"Ama kweli. Umewavalisha watu shati vifungo vimeruka matundu, kisha ukawanunia kwamba hawapendezi."

"Ndiyo, shangazi."

"Na kamalizie kichwa hicho, kinafanana na shamba lililokimbiwa."

Mhubiri akasubiri. Alitumaini kicheko kitazaa huruma. Shangazi akavaa miwani yake na kusema, bila ukali, kwamba kosa limejulikana leo lakini diski ilijaa jana. Anayekuja kesho ni msambazaji, na neno lao ni lile lile. Mhubiri hakubisha. Kwa mara ya kwanza aliona kuwa shangazi alikuwa amewaamini wateja kuliko alivyowaamini yeye.

Jioni ile, wateja wakiingia na kutoka, alikaa kwenye kompyuta ya pili akaandika sifuri. Sehemu ya 01. Sehemu ya 02. Alipanga Fundi wa Miavuli, akapanga Waonja Maji, akapanga Kituo cha Mwisho. Ilikuwa kama kupiga pasi nguo za safari wakati basi limeshaondoka, lakini alipiga. Aliona ni adabu. Kama vinafutwa, na vifutwe vikiwa vimevaa sawasawa. Nakala ya mwanzo ya Fundi wa Miavuli, ile iliyovurugika, aliiacha pembeni bila kuigusa. Hakujua kwa nini. Alimfikiria tu dada mkali na wembe wake.

Jumamosi msambazaji alifika mapema, akiwa na mkoba wa diski begani na haraka zake. Aliegemea meza akasubiri aambiwe kinachofutwa. Shangazi akamwambia anywe chai kwanza. Mhubiri aliona shangazi anamimina chai ile polepole, kikombe hakijai, lakini chai nayo ina mwisho. Msambazaji akashusha kikombe, akachomoa waya kwenye mkoba, akainama kutafuta tundu.

Mlangoni akasimama kinyozi. Alikuwa na koti lake jeupe la kazi, mfuko mmoja umevimba. Akasalimia, akaitikiwa. Akatoa flashi yenye vumbi, akaiweka mezani mbele ya shangazi, si mbele ya Mhubiri.

"Nimekuja kuomba ile ya miavuli."

"Si unayo, shemeji?" shangazi akauliza. Alimwita hivyo kwa utani wa siku nyingi, hawakuwa na undugu wowote.

"Ninayo ile ambayo bibi amekufa mapema. Nataka ile ambayo yuko hai."

Feni ikageuka, ikarudi. Shangazi akamtazama Mhubiri juu ya miwani. "Umemtuma?"

"Hapana, shangazi."

"Anitume?" kinyozi akasema. "Jana kanikimbia kichwa kikiwa nusu. Na hilo ni la pili lililonileta. Kichwa kile kinaniharibia jina mtaani." Akapapasa mfuko uliovimba. Ilikuwa mashine.

Msambazaji bado ameinama, waya mkononi, akauliza kama achomeke au asichomeke. Mhubiri alikuwa na ushindi wake umbali wa neno moja, na neno hilo lilikuwa la shangazi, si lake. Akasema lililo lake.

"Shangazi, ulisema aombe nyingine. Hii ni ile ile."

Shangazi akamgeukia kinyozi, kama anayetaka kumsikia shahidi.

"Ile ile?" kinyozi akasema. "Binti, mtu akifa mwanzo na mtu akifa mwisho, hizo si hadithi moja. Ile moja nimeimaliza. Hii siijui. Sijui hata kama nitaipenda." Akaisukuma flashi mbele. "Na ile ya zamani usiifute. Nitakuwa nazo zote mbili."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. Alifanya hivyo ingawa haikuwa na uchafu.

"Basi hiyo ni nyingine," akasema.

Kisha akamwambia msambazaji afute mieleka ya mwaka juzi. Msambazaji akashangaa, akasema mieleka inauzika. Shangazi akamjibu kwamba ya mwaka juzi walioshinda wanajulikana, na walioshindwa wameshapona.

Mhubiri akaweka Fundi wa Miavuli kwenye flashi ya mzee, sifuri zikiwa mbele. Akaweka na nyingine mbili. Akatenga moja kwa ajili ya nesi, ambaye angepita jioni, akafikiri namna ya kumwomba radhi kabla ya kumsimulia chochote. Msambazaji alipoondoka, duka lilikuwa bado halijachangamka. Kinyozi akavuta kiti cha plastiki mpaka penye mwanga wa mlango, akamkalisha Mhubiri, akamfungua kitambaa na kuwasha mashine upande wa kulia.

Shangazi alizungukazunguka. Akapanga flashi zilizokuwa zimepangika. Mwishowe akavuta kiti mbele ya kompyuta ya pili.

"Niwekee hapo sehemu ya kwanza," akasema. "Nimwone huyo bibi anayenivurugia biashara."

Mhubiri akanyoosha mkono kutoka pale alipokaa, akabofya 01. Sauti ya mvua ikajaa dukani. Msichana akashuka na begi lake. Mhubiri alijua kinachokuja: bibi atalipokea begi kwanza, na ni baadaye sana utakapoelewa kwa nini. Akafungua mdomo kumwambia shangazi asiache kuangalia mikono ya bibi, akageuza na shingo ili amwone uso wakati anamwambia.

"Tulia," kinyozi akasema.

Mhubiri akatulia, akafunga mdomo. Nyuma yake mvua iliendelea kunyesha, na kwa muda mrefu shangazi hakusema neno.